Likizo ya Mpiga Pasi

Mama alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kugusa kitu. Wapiga pasi hufanya hivyo ili kujua kama chuma kimepata moto: unalamba, unagusa haraka, unasikiliza. Lakini Mama alifanya hivyo kwa kila kitu. Kikombe cha chai, paji la uso wa mtoto mwenye homa, kitasa cha mlango wa benki. Siku nilipomleta mchumba wangu nyumbani, alimgusa kiganja kwa kidole chenye mate, kijana wa watu akabaki ameduwaa. "Huyu ni wa vuguvugu," aliniambia baadaye jikoni. Hakukosea sana.

Kwa miaka ishirini na tisa alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia nguo za hoteli na hospitali. Lilikuwa jengo refu la mabati nyuma ya kituo cha mafuta, lenye milango miwili. Mlango wa kushoto uliingia upande wa maji. Huko kulikuwa na mapipa ya kuchemshia, dawa ya madoa iliyowasha macho hata ukiwa barabarani, na wanawake wenye buti za mpira na sauti za kukwaruza. Mlango wa kulia uliingia upande wa moto, kwa wapiga pasi. Joto la huko lilikausha mate, lakini palikuwa pakavu, palikuwa na feni mbili, na mtu akikohoa alikohoa akamaliza.

Mama alianzia majini. Alikaa huko miaka minne, akapata kifua, na daktari akamwambia maneno ambayo aliyarudia nyumbani kama mtu anayesoma tangazo: "Ukirudi kule, mama, hicho kifua usiniletee tena, maana sitakuwa na la kukufanyia." Msimamizi akamhamishia upande wa moto. Nilizaliwa mwaka uliofuata. Baba alipenda kusema kwamba mimi ni mtoto wa mahali pakavu.

Upande wa moto kila mpiga pasi alikuwa na kona yake. Shuka likishakunjwa na kupigwa pasi, pembe ya mwisho mtu aliimaliza kwa namna yake: mmoja aliigeuza nje, mwingine aliikunja mara mbili, mwingine aliiacha ikaning'inia kama ulimi. Haukuwa urembo. Hoteli ikirudisha shuka lililoungua au lenye doa, msimamizi hakuwa na haja ya kuuliza maswali. Aliangalia kona, akajua amwite nani. Mama aliisokomeza yake chini ya mkunjo wa juu, ikabaki pembetatu ndogo kama sikio la bahasha. Wenzake walimwita Kona kwa sababu hiyo. Nilijifunza kuikunja nikiwa na miaka saba, kwa shuka letu la nyumbani lenye viraka. Mimi hutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo nilichelewa kushika. Mwishowe Mama alinisimamisha mbele yake badala ya ubavuni, nikaipata kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Jumamosi nilipotoka shule nilimsubiri pale, juu ya marobota ya foronya. Ndipo nilipoyaona mashuka ya hoteli ya ziwani. Yalikuwa mazito kuliko mengine, meupe sana, na pembeni yalitariziwa ndege mdogo wa bluu. Yakiletwa, Mama aliyapokea kwa mikono miwili. Akimaliza kulinyoosha moja, kabla hajalikunja, aliliwekea shavu kidogo.

"We Kona," alisema jirani yake wa meza, mwanamke tuliyemwita Redio kwa sababu hakuzimika, "hilo ni shuka, si mchumba. Lishushe."

"Acha nilisikie. Wenyewe wanalikoromea tu."

"Utalisikia sana, na ziwa lenyewe hulijui."

"Nitalijua. Nitalala kwenye kitanda cha shuka hili siku nne, na watoto wangu. Shuka kapiga mwingine, mimi nimelala."

"Akipiga vibaya je?"

"Nitalirudisha!" alisema Mama, na upande mzima wa moto ukacheka.

Lakini hakuwa anatania. Alikuwa amemuuliza dereva wa gari la hoteli, akajua bei zote. Wakati wa mvua, wageni wanapokimbia, chumba hushuka hadi nusu. Mvua ya mwezi wa nne huangukia likizo ya shule. Nusu hiyo, ukiigawa kwa miaka, mtu wa pasi angeifikia. Baba, aliyekuwa fundi wa saa kwenye kibanda cha karibu na soko, alimwambia nusu ya mlima bado ni mlima. Mama akamjibu kwamba yeye ndiye atakayeupanda, Baba ashike ngazi tu.

Alianza na vitu vidogo. Majani ya chai yalichemshwa mara mbili, na chai ya pili ilikuwa na rangi ya maji ya mvua kwenye bati. Nywele zetu alizikata mwenyewe, mimi na mdogo wangu, tuliyemwita Kiroboto kwa kuwa hakukaa mahali. Kwa kuwa mikasi ilikuwa ya kukatia nyuzi, tulienda shule tukifanana na vifaranga walionyeshewa. Lakini hayo yote yalikuwa vijisenti. Fedha yenyewe ilitoka kwingine: Mama aliuza likizo yake.

Pale kiwandani mtu alikuwa na siku ishirini na moja za kupumzika kila mwaka. Asipozitaka, ofisi ilizinunua. Unatia sahihi, unaendelea kusimama mezani, na mwisho wa mwezi bahasha inakuwa nene. Mama aliuza mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Miaka sita hakupumzika, isipokuwa Jumapili, na Jumapili alifua zetu. Nyakati nyingine alirudi jioni akakaa kwenye kiti na viatu vyake, mikono ameiweka mapajani viganja juu, kana kwamba amebebeshwa kitu tusichokiona. Ukimsemesha anajibu, lakini baada ya muda.

"Unauza kupumzika ili ukapumzike," Baba alimwambia siku moja. "Mke wangu, hesabu hiyo ni ya saa inayorudi nyuma."

"Wewe tengeneza za wateja," alisema Mama. "Hii yangu inakwenda."

Mwaka wa saba fedha zikakaribia kutosha. Mwezi wa kwanza hoteli ilitaka malipo yote mapema, bila kurudisha, kwa yeyote anayetaka ile bei ya mvua. Kilikuwa kimebaki kiasi kidogo tu. Mama akaenda ofisini akauza na siku za mwaka huo. Alikuwa na sababu. Kwa miaka sita alikuwa amefanya kazi kila sikukuu, na kila sikukuu iliyofanyiwa kazi ilidaiwa siku moja ya fidia. Alikuwa ameziandika nyuma ya kalenda, tarehe kwa tarehe, siku arobaini na kitu. Alihitaji nne. Alinunua chumba akiwa na uhakika kama mtu mwenye maji kwenye mtungi.

Wiki moja kabla ya safari alikwenda kwa karani wa mishahara kuomba siku zake nne. Nilikuwa naye. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilitaka kuona akipewa karatasi.

Karani alikuwa kijana mpole. Hilo ndilo linalonisumbua nikimkumbuka, upole wake. Alifungua jalada, akapitisha kidole, akalifunga.

"Mama, hizi za fidia huwa zinakufa mwisho wa mwaka. Usipozichukua kabla ya tarehe thelathini na moja, zinakufa."

"Zinakufaje? Siku nilizofanya kazi?"

"Ndiyo utaratibu. Za mwaka huu bado huna hata moja, sikukuu ya kwanza ilikuwa Jumapili. Na likizo yenyewe," alifungua tena jalada, kama vile pengine limebadilika, "uliiuza mwezi wa kwanza."

"Nikairudisha? Nikailipia?"

"Haturudishi, mama."

"Siku mbili basi, bila mshahara."

"Mwezi wa nne hospitali zote mbili zinaleta mablanketi. Msimamizi ameshasema hakuna mtu kutoka."

Mama alilamba kidole, akagusa ukingo wa meza ya karani. Sijui alitaka kujua nini. Kisha akasema ahsante, na tukatoka.

Nyumbani Baba alisema basi tusiende, sote tubaki. Mama alikuwa anakata mkate. Hakuinua kichwa.

"Nimesimama miaka sita kwa ajili ya kitanda kile. Mtakilalia."

"Bila wewe?"

"Mkibaki, nitakuwa nimesimama bure. Mkienda, nimesimama kwa ajili ya kitu. Nichagulie."

Baba hakumchagulia. Jumatatu alfajiri Mama alitusindikiza stendi akiwa na nguo zake za kazi. Alikuwa ametufungia mayai ya kuchemsha, mkate, ndizi na chupa mbili za chai, maana chakula cha hotelini kilikuwa na bei yake na hatukukilipia. Alitupa masharti tukiwa tumesimama karibu na basi. Msile mezani kwao. Maji ya moto ombeni jikoni kwa adabu. Chakula mlie bafuni, kwenye vigae, doa likidondoka lifutike. Chai hasa ni ya bafuni, mnanisikia? Hapo awali mpango ulikuwa Kiroboto aingizwe kwa siri, kwa sababu chumba kilikuwa cha watu watatu. Sasa hatukuwa na haja ya kumficha mtu.

"Angalieni vizuri," alisema dirishani, basi likiwa limeshaanza kunguruma. "Mje mnisimulie."

Ziwa lilikuwa la kijivu, na mvua ilianguka juu yake kama mchanga. Sikuwa nimewahi kuona maji yasiyo na upande wa pili. Kiroboto alipiga kelele, Baba akavua kofia kama mtu aliyeingia msibani. Chumba kilikuwa na kitanda kikubwa na kingine kidogo, na dirisha lililofika sakafuni. Nilikwenda moja kwa moja kitandani, nikafunua blanketi. Ndege wa bluu alikuwapo. Kwenye kabati ukutani kulikuwa na shuka la akiba, limekunjwa, na kona yake ilikuwa sikio la bahasha. Nililishika bila kulifungua. Kwa saa hiyo Mama alikuwa amesimama mezani kwake, anapiga pasi mablanketi ya wagonjwa.

Asubuhi ya pili Baba alishuka jikoni kuomba maji ya moto. Nilimimina chai yetu kwenye kikombe. Nilisimama mlangoni mwa bafu, nikatazama vile vigae, kisha nikatazama dirisha na ziwa. Kwenye picha iliyotundikwa mapokezi kulikuwa na mwanamke ameegemea mto, anakunywa kitu, anatazama maji. Nilitaka kukaa hivyo mara moja tu. Nilitaka kujua Mama alikuwa anataka nini miaka yote ile. Nikapanda kitandani na kikombe changu, nikaegemea mto, nikanywa funda moja, na kwa kitambo kidogo nikakijua kitu hicho.

Kisha Kiroboto akarukia kitanda.

Doa lilikuwa kubwa kama sahani. Nyuma ya mlango kulikuwa na tangazo: mgeni atakayeharibu shuka atalipa shuka. Nilijua bei yake kwa sababu Mama aliwahi kuisema, na nilijua Baba alikuwa na nauli ya kurudi tu. Nikamwambia Kiroboto akisema neno nitamtupa ziwani. Alikuwa na miaka mitano, akaniamini. Baba akiwa bado jikoni, nilivua lile shuka, nikalifua kwenye beseni la kunawia kwa sabuni ya kuogea. Doa lilififia likawa la rangi ya mchanga, halikutoka. Nilitandika lile la akiba, lile lenye kona ya Mama, na lililofuliwa nikalianika bafuni tukienda matembezini na Baba. Mvua ilikuwa inanyesha, halikukauka. Jioni nililikunja likiwa na unyevu, doa ndani, nikalirudisha kwenye kabati ambamo la akiba lilikuwa limetoka. Lilitakiwa lionekane halijaguswa. Nikaimalizia kona kwa namna pekee niliyoijua.

Siku mbili zilizobaki nilifurahi, lazima niseme ukweli. Tulitembea ufukweni na nailoni kichwani. Baba alirusha mawe yakaruka juu ya maji mara tano, na mhudumu mmoja akampa Kiroboto keki iliyokatika.

Mama alitupokea stendi kama watu waliotoka ng'ambo. Alitaka yote. Maji yana harufu gani, kitanda kina kimo gani, dirisha linafunguka ndani au nje.

"Na mashuka? Mlikuta kona ya nani?"

"Yako, Mama," nilisema. "Ilikuwa kabatini."

Alicheka mpaka akashika kifua. "Basi na mimi nilikwenda!"

Ilichukua siku kumi na moja shuka lile kurudi. Lilikuja peke yake ndani ya mfuko, na barua. Mgeni fulani mkubwa alikuwa ameomba shuka la ziada, akapewa kitu chenye ukungu na doa la chai, tena kutoka kabati la nguo safi, limekunjwa vizuri kabisa. Hoteli ilitishia kuhamishia kazi yake kwingine. Hayo niliyajua Jumapili, Redio alipokuja nyumbani kumpa Mama pole. Nilikuwa jikoni, mikono kwenye maji ya vyombo, na mlango ulikuwa wazi.

"Msimamizi kalinyanyua mbele ya watu wote," Redio alikuwa anamwambia Baba. "Kona hii ya nani? Sisi kimya. Nani hajui ni ya nani? Mkeo akaenda, akalichukua, akaigeuza ile kona, akaitazama, akaitazama tena, kama mtu anayesoma barua. Mimi nikajua sasa anakana, shemeji. Chai! Upande wa moto nani anakunywa chai juu ya shuka? Hata msimamizi mwenyewe alikuwa anangoja akane. Akasema, 'Ni yangu.' Basi. 'Ni yangu.' Sijui kaingiwa na nini."

"Nilichoka, Redio," ilisikika sauti ya Mama. "Usimpigie mwenzio redio nyumbani kwake."

"Wamekurudisha majini, Kona! Na kifua hicho!"

"Miezi mitatu tu."

"Nani aliyewahi kurudi kutoka majini baada ya miezi mitatu?"

Nilisugua sahani moja kwa muda mrefu sana. Ningeweza kutoka. Toka jikoni hadi pale walipokaa zilikuwa hatua sita. Nilijiambia nitasema Redio akishaondoka, kisha nikajiambia nitasema kesho, kisha kesho ikawa nyingi.

Miezi mitatu ikawa miaka kumi na mmoja. Mama alinunua buti za mpira za kijani, zikawa zinasimama mlangoni kama mtu wa sita wa nyumba ambayo ilikuwa na watu wanne. Samahani, hesabu hiyo ilikuwa ya Baba; alisema mtu wa tano ni kikohozi. Mshahara wa majini ulikuwa mdogo, na likizo hakuuza tena. Siku zake ishirini na moja za kila mwaka alizimalizia kitandani, akitema kwenye mkebe. Vidole vikawa vyeupe na laini, kama vya mtu aliyekaa sana ndani ya maji, na bado alivilamba, nikawa najiuliza vilikuwa na ladha gani.

Jumapili, tukikunja nguo, aliniomba nimsimulie ziwa. Alikuwa anakijua kisa chote, alinirekebisha nikiruka. Basi lilivyopasuka tairi. Baba na kofia. Mawe yaliyoruka mara tano. Keki. Asubuhi ya pili niliipita kila mara, nikaenda moja kwa moja matembezini, na yeye hakuwahi kuniuliza kilichotokea asubuhi ile. Niliona ni bahati yangu.

Nilisoma, nikaingia chuo cha ualimu, nikapata kazi. Mshahara wangu wa kwanza wa maana nilitaka kumpeleka. Wakati huo Baba alikuwa ameshafariki, Kiroboto ameolewa mbali. Nilimletea karatasi ya hoteli, yenye picha.

"Hewa ya ziwa ni ya maji," alisema. "Maji nimeyashiba."

"Mama, si ulikuwa unataka?"

"Nilikuwa nataka kulala. Sasa silali vizuri popote." Kisha, kwa sababu aliona uso wangu, akalamba kidole akagusa ile picha. "Bado baridi," alisema. Tukacheka kidogo.

Alilazwa mwaka jana, mwezi wa tano. Hospitali ni moja ya zile mbili alizokuwa akizipigia pasi, lakini sasa wana mashine zao, na mashuka yanatoka yamekunjamana kama karatasi iliyotupwa. Hilo lilimkera kuliko mrija wa hewa puani. "Hawa wanakunja kama wanafunga kuni," aliwaambia wauguzi. Mmoja alimjibu, "Bibi, ukipona tutakuajiri," na Mama akamwuliza kama ni upande wa moto au wa maji.

Alasiri moja alikuwa na nguvu kidogo. Nilimnyanyua, nikabadilisha shuka, nikalivuta likanyooka. Lile la kujifunika nililikunja miguuni pake, na mikono ikafanya yenyewe, ikaisokomeza ile pembe chini. Mama alikuwa anaitazama.

"Bado unaikunja kinyume," alisema.

"Kinyume vipi?"

"Yangu inaangalia kulia. Yako inaangalia kushoto." Alivuta hewa, akapumzika, akavuta tena. "Hata lile la chai lilikuwa linaangalia kushoto."

Nilikaa. Kulikuwa na kiti, namshukuru aliyekiacha pale.

"Ulijua."

"Mwanangu, nisiujue mkono wangu? Nilipoigeuza tu nikajua. Nikasema, huyu mtoto kanywa chai kitandani." Mdomo wake ulitaka kucheka. "Ilikuwa nzuri?"

"Mama."

"Nakuuliza. Ilikuwa nzuri?"

"Funda moja. Ndiyo. Ilikuwa nzuri."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea chenji kamili.

"Ungewaambia si yako," nilisema. "Daktari alikukataza kule. Ungewaambia."

"Niwaambie ni ya nani? Baba yako angelipa shuka, na hoteli ingesema familia za wapiga pasi ndivyo zilivyo. Na mimi nilidhani ni miezi mitatu kweli."

"Na mimi? Kwa nini hukuniambia mimi, miaka yote hii?"

Alikohoa. Nilimshika mgongo, nikahisi mbavu moja moja. Ilipopita, alisema, "Ningekuambia, ungenisimulia tena ziwa?"

Nimelifikiria swali hilo sana. Ninadhani nisingemsimulia. Ninadhani ningeona aibu, na ziwa lingekaa kati yetu bila kutajwa, na yeye angekuwa ameuza siku zile zote akabaki hana hata hadithi. Lakini upande wa pili wa hesabu hiyo kuna miaka kumi na mmoja ya mvuke na dawa, na siwezi kuifanya ikalingana. Watu huniambia mama zetu walikuwa hivyo, kana kwamba hilo linafuta kitu.

Sikumwomba msamaha. Nilimsimulia asubuhi ya pili. Nilimpa yote: kikombe, mto, picha ya mapokezini, mvua juu ya maji, jinsi joto la chai lilivyopanda usoni nikiwa natazama nje. Alisikiliza macho yamefumbwa, na nilipofika pale Kiroboto aliporuka alisema, "Hapo ishia."

Kesho yake nilikwenda shuleni kwangu nikaomba ruhusa, nikarudi kwake saa za kutazama wagonjwa zikiwa karibu kwisha. Alikuwa amechoka kuliko jana. Nilimshikishia kikombe cha uji mwepesi. Alilamba kidole, kwa shida, akagusa kikombe, akakikataa.

"Nimechukua likizo, Mama," nilimwambia. "Siku zangu zote ishirini na nane. Nitakaa na wewe."

Alifumbua macho. Muuguzi alikuwa ameshaanza kutuambia tutoke.

"Zote?" alisema. "Usizimalize zote hapa. Bakisha nne."